Masanga ya kweli ni ipi? Gitaa kavu, gitaa la umeme na wimbo wa jukwaani

Mpiga gitaa mzee anapopanda jukwaani na gitaa la umeme, akapiga mbele ya watu nyimbo alizozirekodi ujanani kwa gitaa kavu, wasikilizaji hugawanyika. Wengine hucheza. Wengine hukunja uso na kusema kwamba mzee ameuharibu wimbo wake mwenyewe. Kundi hili la pili huwa na ushahidi: santuri ya zamani. "Sikiliza hii," wanasema, "hivi ndivyo ulivyokuwa."

Makala haya yanaeleza kwa nini ushahidi huo hautoshi, na kwa nini jambo hili linatuhusu sisi wa kitivo cha lugha, wala si wanamuziki peke yao. Kwa wimbo wa mdomo, rekodi ya kwanza ni tukio moja kati ya mengi. Tukiifanya kuwa matini ya asili na kuziita nyingine zote nakala mbovu, tunatumia sheria ya kitabu kwa kitu ambacho hakikuandikwa. Mifano yangu mikuu ni miwili: Mwenda Jean-Bosco wa Katanga na Muddy Waters wa Marekani. Kisha nitarudi hapa kwetu Kisangani.

Kijana wa Jadotville

Mwenda Jean-Bosco, aliyejiita pia Mwenda wa Bayeke, alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, mji mkuu wa zamani wa Msiri. Wayeke walifika Katanga katika karne ya 19 kutoka upande wa Unyamwezi, katika Tanzania ya leo, na biashara yao ya misafara ni moja ya njia zilizoleta Kiswahili kusini mwa Kongo. Baadaye miji ya migodi ilikikuza Kiswahili hicho mpaka kikawa lugha ya kazini, ya mtaani na ya nyumbani. Ndicho Mwenda alichokiimbia.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki aliyefanya kazi yake kutoka Afrika Kusini, alimkuta kijana huyo akipiga gitaa barabarani Jadotville, mji tunaouita sasa Likasi. Alimrekodi. Mwenda alikuwa na umri wa miaka ishirini na kidogo, hajawahi kuingia studio. Kati ya vipande vilivyotoka siku hizo, "Masanga" ndicho kilichoenea zaidi. Santuri zake za Gallotone zilisikika kusini, kati na mashariki mwa Afrika. Mwaka 1961 na 1962 mtaalamu David Rycroft alichapisha katika jarida la African Music uchambuzi wa upigaji wa Mwenda, noti kwa noti. Wapiga gitaa wa Ulaya na Marekani walijifunza wimbo huo kwa maandishi, kama mtu anavyojifunza kipande cha Bach.

Hapo ndipo tatizo letu linapoanzia. Wimbo uliopigwa barabarani ulipata sura moja isiyobadilika, yenye urefu wa upande mmoja wa santuri ya siku hizo, yaani kama dakika tatu. Barabarani haukuwa na urefu huo. Mpiga gitaa aliendelea kadiri watu walivyosimama kumsikiliza, na walipoondoka alinyamaza. Hata Tracey mwenyewe hakutoka na "Masanga" moja: alirekodi iliyoimbwa na iliyopigwa kwa gitaa tupu. Kwa hiyo tangu mwanzo kulikuwa na Masanga mbili, na hakuna hata moja iliyokuwa mama wa nyingine.

Mwenda aliishi na wimbo huo miaka mingine karibu arobaini. Alifanya kazi Nairobi kati ya mwisho wa miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, mji ambao ndugu yake Edouard Masengo pia alijipatia jina. Mwaka 1969 alipiga katika tamasha la Newport, Marekani. Mwaka 1982 alipiga Berlin, na onyesho lake likarekodiwa na mtafiti Gerhard Kubik. Mwaka 1988 alirekodi tena Cape Town. Alifariki mwaka 1990 katika ajali ya gari nchini Zambia. Msikilizaji anayezipanga rekodi hizi pamoja hukutana na mtu mmoja ambaye mkono wake unazeeka, ambaye anajua anamsikilizisha nani, na ambaye hajioni mtumwa wa siku ile ya Jadotville.

Kisa kinachofanana nacho

Mwenda hakuacha albamu maarufu ya gitaa la umeme jukwaani. Ili tuone umeme unafanya nini kwa wimbo wa namna hii, tuvuke bahari kidogo, maana huko kuna kisa kinachofanana na chake karibu hatua kwa hatua.

Agosti 1941, Alan Lomax na John Work walifika katika shamba la Stovall, jimbo la Mississippi, wakiwa na mashine ya kurekodi. Walimrekodi mfanyakazi wa shambani aitwaye McKinley Morganfield, ambaye majirani walimwita Muddy Waters. Alipiga gitaa kavu na kuimba. Moja ya nyimbo hizo ilikuwa "I Be's Troubled". Mwaka 1943 alihamia Chicago. Baa za huko zilikuwa na kelele, na gitaa kavu halikusikika. Akachukua la umeme. Mwaka 1948 alirekodi "I Can't Be Satisfied", ambayo ni wimbo uleule wa shambani, ukiwa na jina jingine na waya ndani yake. Ndiyo iliyompa jina.

Sehemu inayotufundisha zaidi ni ile iliyofuata. Mwaka 1958 alipokwenda Uingereza, baadhi ya wasikilizaji walioijua bluzi kwa santuri za zamani walishtushwa na sauti kubwa ya gitaa lake. Walikuwa wanamtafuta mtu wa 1941. Mwaka 1960 bendi yake ilirekodiwa jukwaani Newport, katika tamasha la jazi, na albamu hiyo ya umeme ikawa mlango ambao vijana wengi wa Ulaya waliingilia katika bluzi. Hata hivyo mwaka 1964, muziki wa kienyeji ulipokuwa unauzika, kampuni yake ilitoa albamu ya gitaa kavu na kuiita "Folk Singer". Ilirekodiwa studio, kwa mpango, ili mtu wa mjini asikike kama wa shambani. Mwaka 1979, akiwa na umri wa miaka zaidi ya sitini, ikatoka albamu yake nyingine ya jukwaani, "Muddy 'Mississippi' Waters – Live", yenye umeme mwanzo hadi mwisho, na ikapata tuzo ya Grammy.

Tujiulize basi: kati ya albamu ya studio ya gitaa kavu na ile ya jukwaani ya gitaa la umeme, ni ipi iliyo karibu zaidi na wimbo wa mdomo? Kwa chombo, ni ya kwanza. Kwa namna wimbo unavyoishi, yaani fanani akiwa mbele ya hadhira inayomjibu, ni ya pili. Wanaolilia "asili" mara nyingi huchagua chombo na kusahau tukio.

Umeme unafanya nini kwa uzi

Gitaa kavu lina tumbo la ubao. Uzi ukiguswa, ubao hutikisika, hewa ya ndani hutikisika, na nguvu yote hiyo huisha upesi. Sauti huanza kwa ukali, kisha hufa. Gitaa la umeme lina sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba chini ya nyuzi za chuma. Uzi ukitikisika juu ya sumaku, mkondo mdogo wa umeme huzaliwa ndani ya waya. Mashine huukuza, na bafle huurudisha kuwa sauti. Gitaa la umeme la ubao mzito halina tumbo la kula nguvu ya uzi, kwa hiyo noti hudumu.

Mwanafunzi wa fonetiki ataelewa haraka nikisema hivi: noti ya gitaa kavu inafanana na konsonanti kipasuo, mlipuko kisha kimya, noti ya gitaa la umeme inafanana na irabu, unaweza kuivuta. Ni ulinganisho tu, lakini unaeleza jambo moja la kweli. Mtindo wa Katanga, ambao Mwenda aliupiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada, unategemea noti zinazokufa upesi. Gumba linatembea kwenye nyuzi nene, shahada inajibu kwenye nyuzi nyembamba, na kila noti inaiachia nafasi inayofuata. Ukiuchukua mtindo huo ulivyo na kuutia kwenye bafle, noti hupandana. Mpiga gitaa lazima achague: apunguze noti, azizime kwa kiganja, au azigawe.

Kongo ilichagua kuzigawa. Mwaka 1953 Mbelgiji Bill Alexandre alifika Léopoldville kufanya kazi katika studio ya CEFA, akiwa na gitaa la umeme, na wapiga gitaa wa mji walijifunza kwake. Katika miaka iliyofuata bendi zilikua, na kazi iliyokuwa ya mkono mmoja ikapewa watu kadhaa: besi ikachukua njia ya gumba, gitaa la kusindikiza likashika mzunguko, mi-solo ikakaa katikati, na solo ikaimba juu. Anayesikiliza sebene kwa makini atasikia mazungumzo yaleyale ya gumba na shahada, ila sasa yamekuwa ya watu wanne. Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba umeme uliuua mtindo wa gitaa kavu. Uliutawanya.

Lugha chini ya nyuzi

Hapa ndipo mahali petu hasa. Sisi wa Tshopo tumezoea wazo kwamba chombo kinaweza kusema. Yakusu, karibu na Kisangani kwa njia ya mto, ndiko John Carrington alikojifunza ngoma za Walokele na kuandika kitabu chake cha mwaka 1949 juu ya ngoma zinazosema za Afrika. Alionyesha kwamba ngoma husema kwa sababu Kilokele kina toni: sauti ya juu na ya chini ya ngoma hufuata toni ya juu na ya chini ya silabi. Kwa kuwa maneno mengi yana toni zinazofanana, mpiga ngoma hutumia misemo mirefu ili msikilizaji asikosee.

Gitaa la Mwenda haliwezi kusema hivyo, na sababu haiko katika gitaa. Kiswahili, tofauti na lugha nyingi za Kibantu, hakina toni ya kutofautisha maana. Kina mkazo, na mkazo huo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Matokeo yake ni uhuru mkubwa. Anayeimba kwa lugha ya toni hulazimika kuangalia kama sauti inayopanda haiharibu neno linaloshuka. Anayeimba kwa Kiswahili anaweza kupandisha na kushusha apendavyo. Kinachombana ni idadi ya silabi na mahali pa mkazo. Ndiyo maana mzunguko mmoja wa gitaa unaweza kubeba maneno mapya kila siku, mradi silabi zipate nafasi yake. Mchango wa gitaa katika maneno ni wakati.

Kiswahili chetu cha Kongo kinaongeza jambo jingine. Mwenda ana wimbo uitwao "Kijana Muke". Jina lenyewe linaonyesha sarufi ya Katanga: *muke*, si *mke*. Kiswahili sanifu kina kiambishi *m-* kinachosimama kama silabi bila irabu: *mtu*, *mji*, *mke*. Katika Kiswahili cha Kongo irabu ipo: *mutu* au *muntu*, *muji*, *muke*. Mwalimu wa shule huliona hilo kuwa kosa. Mwimbaji huliona kuwa faida, kwa sababu *mu-* inaweza kuimbwa kwa noti yoyote, fupi au ndefu, wakati *m-* peke yake hubaki imefumba midomo. Gitaa la umeme likivuta noti, sauti ya mwimbaji inataka irabu ya kuvuta pamoja nalo. Kwa hiyo anayesahihisha maneno ya nyimbo hizi ili yafanane na kitabu cha sarufi hubadilisha pia muziki wake.

Jukwaa linaandika nini

Tofauti ya studio na jukwaa inaonekana zaidi katika aina za maneno yanayosikika. Studio huondoa yale ambayo maana yake inategemea mahali na saa: *leo*, *hapa*, *wewe uliyekaa pale*, *huyu anayeingia*. Jukwaa linajaa maneno hayo. Katika isimu tunayaita viashiria, na tunafundishwa kwamba hayaeleweki bila kujua nani anasema, kwa nani, wapi na lini. Rekodi ya jukwaani huhifadhi sehemu ya habari hiyo: kicheko, jina linaloitwa, kiti kinachovutwa, mtu anayeomba wimbo.

Wasomaji wa Kisangani wanajua kutupa *libanga*: mwimbaji kutaja jina la mtu katikati ya wimbo, na mtu huyo kujiona amepewa heshima ambayo kwa kawaida huilipia. Katika nganda, jina moja likitajwa mbele ya meza fulani hubadilisha wimbo wote. Gitaa hurudia mzunguko mpaka sifa ziishe. Ukiandika maneno ya wimbo huo bila majina, umeandika mifupa. Ukiandika na majina, umeandika wimbo wa usiku mmoja. Yote mawili ni kweli, na mwanafunzi lazima aseme ameandika lipi.

Kuna pia kubadilisha lugha. Katika mji wetu, mwimbaji mmoja huanza kwa Kiswahili, hujibu kwa Kilingala, huchekesha kwa Kifaransa. Akiwa studio huchagua lugha moja kwa sababu anafikiria soko. Akiwa jukwaani huchagua kwa sababu ya uso anaouona. Nico Nassenstein, katika utafiti wake wa mwaka 2015 juu ya Kiswahili cha Kisangani, ameonyesha jinsi wasemaji wa mji huu wanavyochagua kati ya aina za lugha walizonazo. Sijui mahali pazuri zaidi pa kuusikia uchaguzi huo ukifanyika haraka kuliko mbele ya bafle.

Pingamizi mbili

Mtu anaweza kusema kwamba umeme hufunika maneno. Ni kweli. Katika rekodi ya 1952 unasikia karibu kila silabi ya Mwenda; katika rekodi nyingi za jukwaani nusu ya maneno hupotea chini ya ngoma na mluzi wa kipaza sauti. Kwa anayetaka kuandika msamiati, rekodi kavu ni bora. Lakini aliyekuwepo ukumbini hakuhitaji kusikia kila neno, kwa sababu alikuwa anayajua, na mara nyingi alikuwa anayaimba. Kupotea kwa maneno katika rekodi kunatuambia kwamba hadhira ilikuwa na sehemu yake ya kazi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: albamu ya jukwaani nayo ni bidhaa. Kampuni huchagua nyimbo, hukata dakika, husogeza makofi. Ndiyo, na kwa sababu hiyo siipi cheo cha ukweli ninachokinyima rekodi ya kwanza. Ninachodai ni kwamba zisomwe pamoja, kama tunavyosoma masimulizi mawili ya hadithi moja kutoka kwa wazee wawili. Hakuna mwalimu wa fasihi simulizi anayemwambia mwanafunzi atupe simulizi la pili kwa sababu la kwanza lilirekodiwa mapema.

Kinachotungoja hapa

Mwaka huohuo wa 1952, Tracey alirekodi pia katika misitu ya kaskazini mwa Kongo, na miongoni mwa watu waliosikika katika rekodi hizo ni Watopoke wa eneo letu. Mtu anaweza kununua leo muziki huo kwa diski iliyotengenezwa Ulaya. Mgeni alikuja, alirekodi, aliondoka, na kwa sababu alirekodi, siku ile ikawa "asili". Siku zilizotangulia na zilizofuata hazikuwa na mashine.

Hapa Kisangani kuna wazee wanaopiga gitaa katika matanga, katika harusi na katika nganda za Mangobo, Kabondo na Lubunga. Wengi walianza na gitaa kavu na sasa wanapiga la umeme, siku ambazo umeme upo. Tunapokwenda kukusanya nyimbo kwa ajili ya kazi zetu za mwisho wa masomo, mara nyingi tunamwomba mzee azime bafle, akae kwenye kiti uani, apige "kama zamani". Anakubali kwa adabu. Tunarudi na rekodi safi ya jambo ambalo hakuna anayelifanya tena ila mbele yetu. Hiyo ndiyo "Folk Singer" ya 1964, tumeitengeneza sisi wenyewe bila kampuni.

Njia nyingine haihitaji fedha nyingi. Simu inatosha kuanza. Rekodi wimbo mara tatu katika mahali patatu tofauti, na moja kati ya hizo iwe usiku wa onyesho, na umeme wake na kelele zake, baada ya kuomba ruhusa ya mwenye wimbo. Andika tarehe, mahali, nani alikuwepo, nani alitajwa, lugha ilibadilika wapi. Andika *muke* kama imeimbwa *muke*. Andika gitaa linafanya nini wakati sauti imenyamaza, hata kama ni kwa maneno tu: linarudia, linajibu, linangoja. Kisha, siku nyingine, mrudishie mzee rekodi zote tatu azisikilize, umuulize ni ipi anaiona kuwa wimbo wake.

Huenda akataja moja. Huenda akasema zote. Huenda akasema bado, akachukua gitaa akakupigia ya nne. Hiyo nayo iandike.